Pikapu ya Zamani: Uibadilishe au Uifufue?

Ukiwa unasomba kabichi na karoti kutoka mashamba ya juu ya Lushoto kuteremsha Mombo, unajua kwamba Fuso la kwenda Dar es Salaam halimsubiri mtu. Likijaa linaondoka. Pikapu yako ikikwama Soni saa kumi jioni, mzigo unalala nayo, na kesho yake kabichi zile zile unazitoa kwa bei ya kutupa. Siku kama hiyo ndiyo mwenye pikapu husema: basi, nimechoka nayo, naibadilisha.

Naomba usiamue siku hiyo. Mimi niliamua siku kama hiyo, na bado inaniuma. Nilikuwa na Hilux ya mwaka 1996 yenye injini ya 3L. Iliniacha njiani mara mbili ndani ya mwezi mmoja, nikaipeleka yadi, nikaiacha pale, nikaongeza hela na kuondoka na nyingine iliyong'aa. Baada ya miezi mitatu niliikuta ile yangu Korogwe inabeba matofali. Dereva wake aliniambia walichobadilisha ni noza na rejeta tu. Ile iliyong'aa wakati huo ilikuwa gereji.

Tangu hapo nimesaidia jamaa na majirani kadhaa kufanya uamuzi huu, wengine wakauza, wengine wakabaki na gari zao. Ninachokuandikia hapa ni utaratibu ninaoufuata, na unaanzia chini ya gari, hauanzii kwenye yadi.

Kwanza, umri peke yake weka pembeni. Hilux imekuwapo sokoni tangu 1968, na zile za miaka ya 1990 zenye 2L, 3L na baadaye 5L bado zinafanya kazi kila wilaya ya nchi hii. Sababu inaeleweka: pampu ya mafuta ni ya mitambo mitupu, hakuna kompyuta inayoamua, hakuna turbo, na fundi wa Mlalo anaifungua kwa spana zile zile anazofungulia trekta. Vilevile usidanganywe na namba. Watu husema "hii namba D" au "hii namba E" kana kwamba wanataja umri. Herufi ile inakuonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, haikuonyeshi lilitoka kiwandani lini. Kuna pikapu namba E iliyotengenezwa kabla ya pikapu namba C ya jirani yako.

Lala chini ya gari

Kitu cha kwanza kukagua ni chesisi, na uikague mwenyewe. Tandika gunia, lala chali, chukua nyundo ndogo na tochi. Gonga chesisi pole pole kuanzia mbele kwenda nyuma, upande mmoja kisha wa pili. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa na kutu kinatoa sauti nzito, iliyokufa, na wakati mwingine magamba yanakudondokea usoni. Tulia zaidi pale springi za nyuma zinaposhikana na chesisi, na pale inapopinda kupita juu ya ekseli, maana matope hukaa hapo mwaka mzima. Kama pikapu imewahi kubeba samaki pwani, kagua mara mbili: maji ya chumvi yanayochuruzika kwenye matenga yanaingia ndani ya chesisi, nayo inaoza kutoka ndani huku nje rangi inaonekana safi.

Tafuta pia viraka. Kiraka kimoja kilichochomewa vizuri si msiba. Lakini ukikuta pamechomewa mara mbili au tatu mahali pale pale, au chesisi ina ufa karibu na kiraka, hapo sina ushauri wa kukubembeleza. Usiweke shilingi nyingine kwenye injini ya gari hilo. Injini inafufuka, giaboksi inabadilishwa, difu inapatikana Gerezani kule Dar. Chesisi iliyooza itakuua wewe na kijana anayekaa juu ya mzigo.

Chesisi ikiwa nzima, una njia ya tatu ambayo wenye yadi hawatakutajia: kuifufua pikapu kwa mpango. Kwa hiyo nenda sasa kwenye injini.

Fundi wangu, mzee aliyeanza kufungua injini za dizeli nikiwa bado shule ya msingi, ana kipimo kimoja ambacho hakihitaji mashine. Anaacha injini ipate moto, inaunguruma taratibu. Anafungua mfuniko wa kujazia oili, anaugeuza juu chini, anauweka juu ya tundu lake bila kuufunga. Kisha anarudi nyuma hatua moja, anatazama. "Mwanangu," aliniambia mara ya kwanza, "injini nzima mfuniko unatetemeka. Iliyokwisha, mfuniko unacheza ngoma." Ikiwa ringi zimekwisha, mgandamizo unapenya chini ya pistoni na kutokea pale juu, mfuniko unarukaruka hadi unaanguka, na moshi unatoka kwa mapigo. Hiyo ni injini ya kufanyiwa ovahoo. Mfuniko ukitetemeka tu, shida yako huenda ni ndogo kuliko ulivyoogopa.

Moshi nao unasema. Mweusi mara nyingi ni hewa haitoshi au noza zinamwaga mafuta ovyo: anza na filta ya hewa kabla ya kununua chochote. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe unaoendelea hata injini ikiwa imepata moto, huku maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja popote, unaonyesha gasketi ya silinda hedi. Uliza pia taimingi belti ilibadilishwa lini. Kwenye 3L inatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na wengi hawajui ina umri gani. Ikikatika njiani inaharibu vali, na mtu huyo atakwambia gari limemfia ghafla.

Daftari kabla ya dalali

Sasa hesabu. Tafuta daftari, andika gharama zote za miezi 12 iliyopita. Kama hukuwa unaandika, anza leo na uandike angalau miezi mitatu. Tenganisha mambo mawili. Oili, filta, matairi na breki ni gharama za kila gari, jipya na la zamani, usizitie kwenye lawama. Kinachohesabiwa dhidi ya pikapu yako ni matengenezo ya ghafla, na siku ilizolala gereji.

Siku hizo ndizo watu wanazisahau. Mtu atakumbuka rejeta aliyonunua kwa laki tatu na nusu, ila hakumbuki siku nne alizokaa bila kazi akiisubiri itoke Dar, wala mteja aliyehamia kwa mwingine. Siku moja ya kulala weka faida unayobaki nayo siku ya kazi, baada ya mafuta na posho. Usiandike mapato yote, utajidanganya.

Nitakupa mfano, nawe uweke tarakimu zako. Tuseme pikapu yako imekula milioni 3.6 za matengenezo ya ghafla kwa mwaka, imelala siku 22, na kila siku unapoteza Sh 70,000, yaani milioni 1.54. Thamani yake inashuka laki tano kwa mwaka, kwa sababu imeshashuka vya kutosha. Jumla: milioni 5.64. Hiyo ndiyo bei ya kuendelea kama ulivyo.

Sasa ile mpya zaidi. Tuseme inauzwa milioni 40, na ya kwako inauzika milioni 12, kwa hiyo unaongeza 28. Miaka mitano ijayo ya milioni 40 itakuwa ya 25, maana yake inapoteza milioni 3 kila mwaka hata ikiwa imeegeshwa. Utataka bima kubwa, si ile ndogo uliyozoea, na bima kubwa hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari: weka milioni 1.5. Matengenezo ya ghafla milioni 1.2. Siku tano za kulala, laki tatu na nusu.

Kwenye mafuta utaokoa. Kama ya zamani inakwenda kilomita 9 kwa lita na mpya inakwenda 12, kwa kilomita 2,000 za mwezi unatoka lita 222 unashuka hadi 167. Lita 55 hizo, ukiweka Sh 3,000 kwa lita kwa hesabu nyepesi, ni kama milioni 2 kwa mwaka. Bei halisi ichukue kwenye tangazo la EWURA linalotoka kila mwezi. Ni hela nzuri, ila ona inavyosimama mbele ya milioni 28: kwa mafuta peke yake ungesubiri miaka 14 kurudisha ulichoongeza. Dalali anayekuuzia gari kwa hoja ya mafuta hajakaa na kalamu.

Ukijumlisha yote na kutoa milioni 2 za mafuta, gari jipya zaidi linakugharimu milioni 4.05 kwa mwaka. Ni nafuu kuliko 5.64. Kwa mwenye fedha yake mkononi, kubadilisha kuna mantiki.

Lakini wengi wetu hatuna milioni 28. Tuseme una 13, na 15 unakopa benki, na riba ya mwaka wa kwanza ni milioni 2.5. Hesabu inapanda hadi 6.55, na sasa umelipa zaidi kuliko kubaki na mkweche wako, na zaidi ya hapo kadi ya gari iko benki na rejesho halijui kwamba mvua ya masika imekata barabara. Mikopo ya kausha damu siitaji hata kwa mfano. Kama ndiyo njia pekee ya kupata gari jipya, basi gari jipya kwako bado halijafika.

Njia ya tatu ni ile ya chesisi nzima. Unasimamisha pikapu wiki mbili wakati wa mzigo mdogo, unatoa milioni 5 kwa mpango: ringi, noza, pampu ipimwe, rejeta, klachi, taimingi belti, mipira yote ya maji, na nyaya zilizochakaa. Ukizigawa kwa miaka mitano ni milioni moja kwa mwaka. Matengenezo ya ghafla yanashuka, tuseme hadi milioni 1.5, siku za kulala zinashuka hadi 8, yaani Sh 560,000, na thamani inapungua laki tano zake. Jumla ni milioni 3.56. Imeshinda zote mbili.

Kwa hiyo mambo mawili ndiyo yanayoamua, na kila mara nimeona ni hayo hayo: chesisi inakwambia kama unaweza kubaki, na mkopo unakwambia kama unaweza kuhama. Mengine yote yanafuata.

Kuna jambo moja nisiloliweka kwenye daftari. Hilux nyingi za miaka ya 1990 hazina mifuko ya hewa wala breki za ABS. Kama njia yako ni mteremko wa kwenda Mombo na tani moja mgongoni, na watoto wako wanapanda gari hilo kwenda shule, una haki ya kubadilisha kwa sababu hiyo peke yake, hata kama hesabu imekataa. Ila usichukue sababu hiyo kama kisingizio: breki za zamani zilizotengenezwa vizuri zinasimamisha gari, na gari jipya lililozidishiwa mzigo halisimami. Na kama shida yako halisi ni mzigo kuzidi tani moja kila siku, pikapu mpya si jibu. Tafuta Canter.

Ukiamua kuhama

Basi chesisi imekwisha, au fedha ipo. Wengi wanaotoka kwenye 3L wanaingia kwenye Vigo, ile Hilux iliyotengenezwa kuanzia 2004 hadi 2015, yenye injini ya 1KD ya lita 3 au 2KD ya lita 2.5. Ni gari zuri lenye nguvu. Lakini jua unachohamia. Injini hizi zinasukuma mafuta kwa shinikizo kubwa sana kupitia noza zinazoongozwa na kompyuta, na noza hizo hazivumilii maji wala uchafu. Unakumbuka enzi za uchakachuaji, hadi Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili isiwe na faida kuyachanganya na dizeli? 3L ilikunywa mengi ya aina hiyo ikakohoa na kuendelea. 1KD haitakusamehe. Usinunue dizeli ya madumu kando ya barabara, na filta ya mafuta mwaga maji yake mara kwa mara.

Muulize muuzaji sili za noza zilibadilishwa lini. Kwenye 1KD sili hizi zikivuja, moshi wa ndani ya silinda unapenya kwenye oili, oili inaganda kuwa masizi, masizi yanaziba chujio lililo chini ya injini, na oili haipandi tena. Injini inakufa huku ikionekana nzima. Muuzaji asiyeelewa swali lako hajawahi kuzibadilisha. Utazibadilisha wewe, kwa hiyo punguza bei. Na turbo nayo ina adabu zake: ukimaliza kupandisha mlima, iache injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Utaambiwa "hii Vigo imetoka Japani, ilitumiwa na mzee mmoja". Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004, na ikairudisha mwaka 2017. Vigo za kati hapo hazikuuzwa kwa Wajapani. Nyingi zilitengenezwa Thailand na zikatumika nchi nyingine zinazoendesha upande wa kushoto kama sisi, Uingereza ikiwemo, hata kama aliyekuuzia ana ofisi Japani. Zilizotoka Uingereza zikague chini kwa nyundo kama ulivyokagua ya kwako, maana huko barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi kuyeyusha barafu. Tarehe kwenye lebo ya mkanda wa kiti pia itakusaidia: mkanda mpya kuliko gari, uliza kwa nini.

Nenda kuliona asubuhi na mapema, bila taarifa ndefu. Shika boneti. Ikiwa ya moto, wameliwasha kabla hujafika kuficha tabu ya kuwaka kwa baridi. Rudi siku nyingine. Lipeleke kwa fundi umeme alisome kwa mashine, kisha uliendeshe mlimani na mzigo, si kuzunguka mtaa wa yadi. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, herufi kwa herufi. Angalia madeni ya faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi kwa kutumia namba ya gari, na hakikisha TRA kwamba jina la kwenye kadi ni la anayekuuzia.

Kuhusu kubadilishana yadi, mwenye yadi anapata faida mara mbili: kwenye gari analokupa na kwenye lile analolichukua. Si kosa lake, ndiyo biashara yake. Wewe usikubali kuzungumza "unaongeza ngapi" kama jambo la kwanza. Omba bei mbili, kila moja peke yake. Uliza gari hili taslimu, bila kubadilishana, ni kiasi gani. Akijibu milioni 40, iandike. Kisha uliza la kwangu unalinunua kwa kiasi gani. Akikwambia uongeze 31, ujue amelipa la kwako milioni 9, wakati mtaani linauzika 12. Milioni 3 hizo ni bei ya kukuondolea usumbufu wa kutafuta mteja. Kwa mwenye mzigo wa kila siku asiyeweza kukaa wiki tatu bila gari, huenda inafaa kulipa sehemu yake. Kwa mwenye subira, uza mwenyewe kwanza, kwa fundi wako au kwa dereva anayeijua pikapu hiyo. Wao hawaogopi umri wake, na wanalipa vizuri zaidi.

Ukifika siku ya kukabidhiana, kamilisha uhamisho wa umiliki TRA kwa magari yote mawili kabla ya kuachana, lile unalopokea na lile unalotoa. Watu wanakumbuka la kwanza na kusahau la pili, halafu faini, ajali na kesi za gari walilouza mwaka juzi zinawafuata kwa jina lao. Piga picha ya kadi, ya mita ya kilomita na ya mtu unayemkabidhi, mwandikishiane mbele ya shahidi, na usikabidhi funguo ya pikapu yako ya zamani mpaka uone jina lako limetoka.